Kosa la Adamu na Ubatizo wa Watoto: Mgogoro wa Karthago, 411–418

Wakristo wengi, wawe Wakatoliki, Waanglikana au Walutheri, wamefundishwa tangu mafundisho ya kipaimara kwamba binadamu huzaliwa na dhambi aliyoirithi kwa Adamu, na kwamba Kristo alikuja kumkomboa kutoka katika hali hiyo. Fundisho hilo limezoeleka mno, hata mtu hudhani lilisemwa hivyo hivyo tangu siku za mitume. Simulizi ya Adamu na Hawa ni ya kale, na imani katika ukombozi ndiyo Ukristo wenyewe. Lakini namna kosa la mtu wa kwanza linavyomfikia mtoto aliyezaliwa jana ni swali ambalo Kanisa lilikaa nalo karibu miaka 400 bila kulitolea hukumu. Hukumu ilipotoka, ilitoka Afrika ya Kaskazini, baada ya miaka saba ya barua, safari za baharini na hila za ikulu.

Tuanze na uumbaji, kwa kuwa ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya Muumba. Mwaka 144 Wakristo wa Roma walimtenga mwenye meli mmoja tajiri, Marcion, aliyefundisha kwamba mungu aliyeumba dunia hii si yule Baba aliyemtuma Yesu, bali ni mwingine wa chini, mwenye hasira na sheria nyingi. Walikuwapo pia Wagnostiki, ambao kwao mwili ni gereza na dunia ni kazi iliyoharibika mikononi mwa fundi. Mafundisho hayo yalikuwa na mvuto, maana yalieleza maumivu ya dunia kwa urahisi: kama kitu kiliumbwa kibaya, hakuna haja ya kumtafuta aliyekiharibu. Hata hivyo yalimwondolea binadamu lawama yote na kumtwika Muumba.

Aliyejibu kwa kirefu ni Ireneo, askofu wa Lyon katika nchi ya Galia, alipoandika karibu na mwaka 180. Alisisitiza kwamba Mungu ni mmoja, kwamba aliumba vyote kwa wema, na kwamba uovu uliingia baadaye kwa uasi wa viumbe. Lakini Adamu wa Ireneo hafanani na yule tuliyemzoea. Alimwona Adamu kama mtoto, kiumbe ambaye alikuwa bado hajakomaa, aliyedanganywa kwa urahisi kabla hajafikia utu uzima aliokusudiwa. Kristo, kwa maelezo yake, aliirudia njia ya Adamu hatua kwa hatua, akatii pale mwenzake alipoasi, na hivyo akawainua wanadamu wote. Ireneo hakuuliza kama kitoto kichanga kina hatia. Alikuwa na kazi ya kumtetea Muumba, na aliifanya vizuri kiasi kwamba baada yake hakuna aliyeweza kubaki ndani ya Kanisa akisema dunia iliumbwa mbaya. Sasa likabaki swali la pili: ikiwa Mungu aliumba vyema, mbona kila mtu hukosea, na mbona hata asiyekosea hufa?

Jibu lilianza kujengeka polepole kutokana na desturi, kabla ya wanafikra kulishughulikia. Karibu na mwaka 253 askofu mmoja aitwaye Fidus aliuliza kama mtoto abatizwe baada ya siku nane, kwa kufuata mfano wa tohara ya Kiyahudi. Sipriani, askofu wa Karthago, alimjibu kwa niaba ya maaskofu 66 kwamba hakuna sababu ya kungoja hata siku hizo nane. Mtoto, alieleza, hana dhambi aliyoitenda. Ameambukizwa tu mauti ya kale kwa kuzaliwa katika ukoo wa Adamu, na kwa hiyo ndiyo kwanza anastahili kuharakishiwa msamaha, maana anayosamehewa si makosa yake. Ieleweke kwamba desturi yenyewe haikuwa moja. Katika mji huo huo wa Karthago, nusu karne kabla yake, Tertullian alikuwa amehoji haraka ya kuwabatiza wasio na hatia, na katika karne ya nne wazazi wengi Wakristo waliahirisha ubatizo wa watoto wao. Lakini mtoto alipobatizwa, alibatizwa kwa maneno yale yale ya mtu mzima, kwa ajili ya maondoleo ya dhambi. Dhambi ipi? Kwa muda mrefu hakuna aliyebanwa alijibu swali hilo.

Mmoja wa watoto walioahirishiwa ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa mvulana aliugua nusura afe, mama yake Monika akaanza kuandaa ubatizo, kisha mtoto akapona na shughuli ikaachwa. Alipokua alijiunga na Wamanikeo, dhehebu lililofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili za milele zinazopigana ndani ya kila mwili, akakaa nao miaka ipatayo tisa. Baadaye, huko Milano, mahubiri ya Askofu Ambrosi yalimrudisha kwenye imani ya mama yake, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Alipokuwa askofu wa Hippo aliandika Maungamo yake, na humo kuna habari ya kitoto alichokitazama kwa makini. Kitoto hicho kilikuwa bado hakijajua kusema, lakini kilipomwona mwenzake akinyonya ziwa lile lile, kilisawijika uso na kumkodolea macho ya chuki. Augustino anajua kwamba mama na walezi huona jambo hilo dogo na kulipuuza. Yeye aliona kwamba kutokuwa na hatia kwa mtoto ni udhaifu wa viungo tu, kwa maana nia yenyewe imekwisha kupinda.

Wakati huo, mjini Roma, alikuwako Pelagius, mtu wa Uingereza, mlei aliyeishi kwa kujinyima na ambaye familia za wakuu zilimpenda kama mshauri wa roho. Ili tumwelewe, yafaa tukumbuke hali ya wakati ule. Kwa kuwa makaisari walikuwa wamekuwa Wakristo, watu wengi walibatizwa kwa kufuata upepo, wakaendelea kuishi kama zamani na kusingizia udhaifu wa kibinadamu. Pelagius alichukizwa na visingizio hivyo. Aliposomewa maneno ya Augustino ya kumwomba Mungu ampe yeye mwenyewe kile anachomwamuru, alikasirika karibu agombane na aliyekuwa akiyasoma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufuata: Mungu ni wa haki, na mwenye haki haamuru lisilowezekana. Adamu alituachia mfano mbaya, nasi tukauiga mpaka ukawa mazoea. Kristo ametusamehe, ametuletea mafundisho na mfano mwema, na aliyebatizwa anaweza kuufuata akitaka. Kwa Pelagius, kusema kwamba mtu huzaliwa na dhambi ni kumpa mvivu hati ya kupumzika.

Huenda watu hao wawili wangeishi bila kukutana. Lakini Agosti 410 Wagothi wa Alaric waliteka Roma na kuipora, na waliokuwa na uwezo walipanda meli kwenda Afrika. Pelagius alishuka Hippo wakati Augustino hayupo, kisha akafika Karthago, ambako Augustino alimwona mara moja au mbili tu, maana mwaka 411 alikuwa amezama katika mkutano mkubwa wa kuamua mgogoro wa Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa. Pelagius akaendelea na safari hadi Palestina, akamwacha nyuma rafiki yake Caelestius, mwanasheria mwenye ulimi mkali kuliko mwalimu wake.

Caelestius aliomba upadre Karthago. Paulinus, shemasi wa Milano aliyekuwa huko, akamshtaki kwamba anafundisha kuwa Adamu angekufa hata asingekosa, kwamba kosa lake lilimdhuru yeye peke yake, na kwamba watoto wachanga wana hali ile ile aliyokuwa nayo Adamu kabla ya kuanguka. Caelestius alijitetea kwa ustadi. Alikiri kwamba watoto wabatizwe, lakini akasema suala la kurithi dhambi ni la majadiliano, na kwamba huko Roma amewasikia mapadre wakilikana. Katika makanisa mengine utetezi huo ungetosha. Huko Karthago, mji wa Sipriani, haukutosha, naye akatengwa.

Hapo ndipo Augustino alipoingia. Watu hudhani alitoa fundisho lake moja kwa moja katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo, au katika Waraka kwa Warumi, na ni kweli aliyanukuu yote mawili. Lakini katika kitabu alichoandika mara baada ya kesi hiyo, hoja inayombeba ni ile ya kisima cha ubatizo. Kanisa huwabatiza watoto ili wasamehewe. Watoto hawajatenda lolote. Basi ama Kanisa linafanya mchezo, ama wanayo dhambi waliyoipokea kwingine. Akiisha kufika hapo, Adamu alikuwa ndiye chanzo pekee kilichobaki.

Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Desemba 415 maaskofu 14 walikutana Diospolis, ndiyo ile Lida ambako Petro alimponya Ainea, wakamhoji Pelagius. Yeye alizungumza Kigiriki kwa ufasaha, wakati Orosius, kijana aliyetumwa na Augustino na ambaye miezi michache kabla alikuwa amemshtaki mjini Yerusalemu, alihitaji mkalimani. Pelagius aliyakana baadhi ya maneno ya Caelestius, maaskofu wakaridhika. Waafrika walijibu mwaka 416 kwa mikutano miwili, mmoja Karthago na mwingine Milevis, wakamwandikia Papa Inosenti I. Inosenti aliwaunga mkono mapema mwaka 417, kisha akafariki wiki chache baadaye. Mrithi wake, Zosimus, alimsikiliza Caelestius ana kwa ana, akasoma utetezi wa Pelagius, akawakemea Waafrika kwa kuhukumu kwa haraka.

Kilichogeuza mambo kilitoka Ravenna, kwenye ikulu ya kaisari. Tarehe 30 Aprili 418 Kaisari Honorius alitoa amri ya kuwafukuza Roma Pelagius na Caelestius. Kesho yake, tarehe 1 Mei, maaskofu zaidi ya 200 walikusanyika Karthago, wakaamua kwamba kifo kilimpata Adamu kwa sababu ya dhambi, kwamba watoto hubatizwa kweli kwa ajili ya maondoleo, na kwamba neema haimwonyeshi mtu njia tu bali humpa kuipenda na nguvu ya kuifuata. Zosimus akabadili msimamo na kuwahukumu aliokuwa amewatetea. Maaskofu 18 wa Italia walikataa kutia sahihi hukumu hiyo, wakiongozwa na Julian wa Eclanum, ambaye alidai kwamba Alypius, rafiki wa Augustino, alipeleka ikulu farasi 80 au zaidi walionenepeshwa Afrika kama hongo. Augustino alisema huo ni uzushi.

Je, ni nini hasa kilicholeta ushindi huo? Julian alikuwa na jibu la pili: Augustino hakuwahi kutoka kwa Wamanikeo, na kwa kusema dhambi hupita katika tamaa ya kujamiiana amelirudisha giza lao ndani ya Kanisa kwa mlango wa nyuma. Shutuma hiyo inauma kwa sababu ina chembe ya ukweli, maana Augustino aliitazama tamaa kwa hofu ambayo Ireneo hakuwa nayo. Ila Sipriani hakuwa Mmanikeo, naye alimtaja Adamu mbele ya kitanda cha mtoto miaka 150 na zaidi kabla ya mgogoro huu. Wapo wanaosema ni siasa tu, na siasa ilikuwapo. Bila Honorius, Zosimus asingegeuka haraka hivyo. Lakini amri ya kaisari inaeleza kwa nini Waafrika walishinda mwaka 418, haielezi kwa nini waliamini hivyo mwaka 411. Kwa maoni yangu uzito uko kwenye desturi. Watu waliokuwa wamezoea kukimbilia maji kwa ajili ya watoto wao walihitaji maelezo, na Pelagius, pamoja na ukali wake wote wa maadili, hakuwa nayo ya kuwapa.

Bei ya maelezo hayo ilikuwa kubwa. Kama ubatizo huondoa hatia halisi, mtoto anayekufa bila kubatizwa yuko wapi? Augustino hakukwepa: alisema hawezi kuingia katika ufalme, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Julian aliuliza ni Mungu gani huyo anayewahukumu wasiojua hata kusema, na sijaona mahali Augustino alipomjibu kwa namna ya kumridhisha mzazi. Alichokilinda ni jambo jingine. Aliona kwamba kama mtu anaweza kujinyoosha kwa nguvu zake, msalaba umekuwa wa bure, na tumaini la ukombozi limebaki kuwa mali ya wenye nia imara peke yao.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, akiwa hajamaliza kitabu cha mwisho dhidi ya Julian. Mwaka uliofuata Mtaguso wa Efeso uliwahukumu wafuasi wa Caelestius. Hata hivyo Makanisa ya Mashariki hayakuchukua fundisho lote: mpaka leo Waorthodoksi husisitiza kwamba kwa Adamu tumerithi mauti na udhaifu, wala si hatia yake. Kwa upande wa Magharibi, sinodi ya Orange ya mwaka 529 ilikubali kwamba neema hutangulia, ikakataa kwamba Mungu amempangia yeyote uovu. Wakati wa Luther, mtawa wa shirika lililojiita kwa jina la Augustino, pande zote mbili, ya Walutheri na ya Wakatoliki, zilimkana Pelagius. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 na Mtaguso wa Trento mwaka 1546 vilitofautiana juu ya kama tamaa inayobaki baada ya ubatizo ni dhambi au ni mwelekeo tu.

Swali la watoto lilibaki. Wanateolojia wa zama za kati walilipunguza makali kwa kuwazia mahali pasipo na mateso, palipoitwa limbo. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilichapisha hati ndefu juu ya watoto wanaokufa bila ubatizo, ikahitimisha kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa wanaokolewa, ingawa haikuyaita hayo maarifa ya hakika.