Jinsi ya kusafisha na kutunza pampu ya tangi la samaki

Pampu ikikwama usiku, mfugaji wa samaki huenda akaamka alfajiri na kukuta mifugo wake wanaelea wakiwa wamekufa. Mara nyingi kiini cha hasara hiyo si ubovu wa mashine, bali ni uchafu ambao ungaliondolewa kwa muda wa nusu saa tu.

Katika sehemu za miteremko ya Mlima Kenya, likiwemo eneo la Kanja, Kaunti ya Embu, vidimbwi vingi hupata maji ya mito yanayoteremka yenyewe. Ufugaji wa samaki nchini ulipata msukumo mkubwa mnamo 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Hata hivyo, anayefuga ngege au kambale ndani ya tangi, au samaki wa mapambo ndani ya kioo, hana budi kutegemea pampu ya umeme.

Pampu hiyo huzungusha maji kupitia kwenye chujio na kuyatibua ili yachanganyike na hewa. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali huitumia, hivyo kiwango chake huwa cha chini zaidi kabla ya mapambazuko.

Dalili za pampu chafu ni maji kutoka kwa unyonge, mngurumo usio wa kawaida na pampu kupata joto. Samaki wakijikusanya juu ya maji wakitweta, hali imekwisha kuwa mbaya.

Kazi ya usafishaji ifanywe mchana. Jambo la kwanza ni kuchomoa plagi kabla ya kutia mkono majini. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao ukipita majini unaweza kuua.

Baada ya hapo, kichujio cha mdomo wa pampu huondolewa na kusuguliwa. Kifuniko hufunguliwa na kutolewa gurudumu dogo lenye mapezi na sumaku, ambalo ndilo husukuma maji. Hapo ndipo nyuzi, matope na utelezi hujificha. Mswaki laini unatosha kuyaondoa. Ukoko mweupe wa chokaa hulainika ukilowekwa kwa saa moja katika siki iliyochanganywa na maji, kisha sehemu hizo zisuuzwe vizuri. Sabuni isitumiwe kamwe, kwani mabaki yake hudhuru samaki.

Sifongo ya chujio isioshwe kwa maji ya mfereji yaliyotiwa klorini. Ndani yake huishi bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Klorini huwaua, na samaki huweza kufa siku chache baadaye ingawa maji yanaonekana safi. Inafaa ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe.

Pampu ya kuzamishwa irudishwe majini na kuinamishwa ili hewa itoke kabla ya kuwashwa. Isiwashwe ikiwa kavu, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Waya wake uachwe uning'inie chini kidogo ya soketi, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kuufuata hadi kwenye umeme.

Ni vyema pampu itazamwe kila siku, kichujio cha mdomo kisafishwe kila wiki na mashine ifunguliwe kila mwezi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, wanaotumia maji ya mto waifungue mara nyingi zaidi kwa sababu ya matope.

Aidha, umeme ukipotea na kurejea, mfugaji ahakikishe kuwa pampu inazunguka. Gurudumu lililojaa uchafu huweza kuendelea kuzunguka kwa majuma mengi, lakini likisimama mara moja hushindwa kuanza tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.