Tai, abakosti na shati la mitumba: jinsi wanachuo wa Kongo walivyovaa

Septemba 1960, Kongo ikiwa haijamaliza hata miezi mitatu ya uhuru, nchi ilikabidhiwa wanachuo. Kanali Joseph-Désiré Mobutu alikuwa amewaweka kando Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba, na badala ya kugawa wizara kwa maofisa wenzake, akawaita vijana waliokuwa vyuoni Ubelgiji na pale chuo kikuu cha Lovanium, kilimani nje ya jiji kuu, Léopoldville. Waliitwa Makamishna Wakuu, mwenyekiti wao Justin Bomboko. Naibu kamishna wa sheria alikuwa Étienne Tshisekedi, ambaye masomo yake ya sheria yalikuwa bado hayajamalizika. Vijana hao waliendesha ofisi za serikali hadi Februari 1961.

Katika picha za enzi hiyo mavazi yao ni yale yale: suti nyeusi, shati jeupe, tai nyembamba, mara nyingine miwani ya fremu nene. Mwaka huo huo, ng'ambo ya bahari, vijana wa Harvard, Yale na Princeton nao walivaa koti, tai na shati la kola yenye vifungo. Mtu akiziweka picha hizo mbili kando kando atadhani ni kabila moja lililotawanyika. Haikuwa hivyo. Mmarekani yule alivaa tai kwa kuwa baba yake alivaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba haimshughulishi. Mkongo aliivaa tai kama mtu anavyobeba cheti.

Tuanze na wale wa Marekani, maana mtindo wao umezunguka dunia. Duka la Brooks Brothers lilifunguliwa New York mwaka 1818. Karibu na 1896 mjukuu wa familia hiyo aliwaona wachezaji wa polo Uingereza wamefunga kola zao kwa vifungo ili zisiwapige usoni farasi anapokimbia. Akairudisha fikra hiyo nyumbani, na shati likawa la wanafunzi. Mwaka 1902 J. Press akafungua duka lake New Haven, mlangoni mwa Yale. Miaka ya 1920 wenye fedha walikwenda kutazama kandanda yao wakiwa na makoti ya manyoya ya rakuni. Mwaka 1936 kampuni ya G.H. Bass ikatoa kiatu cha kutumbukiza mguu bila kamba, kilichoigwa kwa wavuvi na wafugaji wa Norwei. Kisha vita vikaisha, na sheria ya 1944 iliyowasomesha askari bure ikawaingiza vyuoni vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kukanyaga huko. Waliingia na suruali zao za kaki za jeshini, na ndani ya miaka michache kaki ikawa vazi la matajiri pia. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa hadithi ile: mtindo unaosifiwa kuwa wa ukoo ulikuwa umeokotwa huku na kule, kwa wachezaji, wavuvi na askari. Cha ukoo kilikuwa namna ya kuuvaa tu. Kola iliyoanza kulika pembeni haikutupwa. Ilikuwa ushahidi kwamba shati ni la zamani, na kwamba mwenye nalo hana haja ya kumthibitishia mtu chochote.

Huko Kongo, kwenye migodi ya dhahabu ya Kilo mkoani Ituri, hapakuwa na mtu wa kustarehe hivyo.

Mwaka 1903 watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waliiona dhahabu katika mto Agola, kwenye nchi ya Wanyali, kaskazini-magharibi mwa mahali ambapo leo ni mji wa Bunia. Uchimbaji ukaanza 1905, na mwaka 1926 migodi ikawekwa chini ya kampuni ya Kilo-Moto. Kampuni ilitaka mikono ya kuchimba, lakini ilihitaji pia makarani wa kuandika posho, wauguzi wa zahanati na walimu. Ndani ya kambi hizo watu waligawanyika kwa nguo kabla ya kufungua vinywa. Shati jeupe lililopigwa pasi lilimaanisha kwamba mwenyewe hafanyi kazi ya tope, na fedha iliyoingia mkononi ilimsomesha mwana.

Wabelgiji waliifanya tofauti hiyo kuwa sheria. Mwaka 1948 walileta kadi ya sifa ya uraia kwa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa évolué, mtu aliyeendelea. Mwaka 1952 wakaongeza ngazi ya juu zaidi, ya kuandikishwa sawa na Mzungu mbele ya sheria. Aliyeiomba alitembelewa nyumbani; wakaguzi waliangalia anavyokula, anavyolala na anavyoishi na mkewe. Kufikia 1958 kadi zilizotolewa zilikuwa 1,557, na walioandikishwa 217, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13. Karani mmoja wa posta wa Stanleyville, makao makuu ya jimbo lililoitawala Ituri, aliomba, akakataliwa, akarudia, akakubaliwa mwaka 1954. Jina lake Patrice Lumumba, na nadhani hakuna Mkongo wa kizazi chake aliyeelewa kama yeye kwamba fundo la tai limefungwa pamoja na siasa.

Mwaka huo huo wa 1954 Lovanium ilifungua milango, ikiwa binti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Élisabethville ikapata chuo cha serikali mwaka 1956, mwaka ambao Thomas Kanza alitoka Louvain akiwa Mkongo wa kwanza mlei kupata shahada ya chuo kikuu. Siku ya uhuru Wakongo wenye shahada hawakufika 30. Dada yake Thomas, Sophie Kanza, alihitimu Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza Mkongo kufanya hivyo, na miaka miwili baadaye akawa waziri. Lovanium ilikuwa na kinu cha nyuklia tangu 1959, ikawa na mila za Ubelgiji pia: wa mwaka wa kwanza waliitwa "bleu", na wakubwa wao waliwapokea kwa mateso ya utani. Chuo hicho kilipandwa kilimani ili mwanachuo autazame mji kutoka juu, na mavazi yake yalikuwa sehemu ya mwinuko huo. Kwa kijana wa Ituri, chuo cha karibu kilikuwa kile cha makanisa ya Kiprotestanti kilichoanzishwa Stanleyville mwaka 1963, na hata huko ni kilomita zipatazo 700 za barabara ya msituni, kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia. Mwaka uliofuata uasi wa wapiganaji walioitwa Simba ulikifukuza mpaka Léopoldville, kikakaa huko kabla ya kurudi.

Tarehe 4 Juni 1969 wanachuo wa Lovanium waliteremka mjini kudai nyongeza ya masurufu. Askari walifyatua risasi, makumi wakafa. Walipotaka kuwakumbuka wafu wao Juni 1971, Mobutu, sasa akiwa rais, alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Waliokuwa wakigombea fundo la tai asubuhi walivishwa magwanda. Sijui adhabu iliyolenga vizuri zaidi ya hiyo: vijana waliodai kuwa tabaka la peke yao waligeuzwa safu moja ya rangi moja. Agosti ya mwaka huo vyuo vitatu vikuu viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, na Kisangani, Stanleyville ya zamani, ikawa kampasi.

Baada ya magwanda ikaja abakosti. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre, mwanzoni mwa 1972 majina ya Kikristo yakaondolewa, na suti na tai zikafuata njia hiyo hiyo. Jina la vazi jipya lilitokana na Kifaransa cha "suti ishuke chini". Lilikuwa koti lililofungwa hadi karibu na koo, bila tai, shingoni labda skafu, kifuani beji ya chama cha MPR. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na mawigi. Vikwembe ndivyo vikawa heshima. Wakubwa wa serikali waliagiza abakosti zao kwa Arzoni, mshonaji wa Zellik karibu na Brussels, kwa hiyo vazi la kuikataa Ulaya lilishonwa Ulaya. Mwanachuo alikwenda kwa fundi wa mtaani. Na hapa niseme jambo ambalo wapinzani wa abakosti huwa hawalisemi: ilimpunguzia gharama. Haikuhitaji tai, na hata shati la ndani halikuonekana. Kijana aliyetoka Djugu, huko Ituri, na koti moja aliweza kukaa benchi moja na mtoto wa kamishna bila mtu kutambua haraka nani ni nani, mpaka kitambaa kilipoanza kung'aa kwenye viwiko.

Vijana wa Kinshasa, Léopoldville ya zamani, hawakutaka kufichwa hivyo. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, aliwapa vijana hao mfano wa kuvaa kwa majina ya wabunifu wa Paris, Milano na Tokyo. Sape, kama mtindo huo ulivyoitwa, ilikuwa kinyume cha abakosti, na kwa bahati ya kuchekesha ilikuwa pia kinyume cha Princeton. Kiatu kipendwacho na wasapeur, wafuasi wa Sape, cha kutumbukiza cha J.M. Weston wa Ufaransa, ni ndugu wa kile cha G.H. Bass. Ila mwanafunzi wa Marekani alikivaa mpaka soli ikapasuka, akaizungushia utepe wa gundi, akaenda darasani. Msapeur angelala njaa kabla ya kukiruhusu kiatu chake kionekane hivyo.

Ituri ilivikwa na dhahabu yake. Sheria ya 1982 ilipofungua uchimbaji kwa raia, vijana walimiminika Kilo na Mongbwalu, na wafanyabiashara wakawafuata na nguo za Kampala. Mchimbaji aliyebahatika mashimoni alivaa kuliko mwalimu, wakati mwingine kuliko profesa. Lakini wengi wa hao hao ndio walilipa minervali, yaani karo ya chuo, ya wadogo zao, na bado wanalipa.

Aprili 24, 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na kuirudisha tai, akisema yeye mwenyewe ataendelea na abakosti yake. Watu walizifukua tai zilizokaa sandukuni kwa miaka 18, pana kama ulimi wa ng'ombe. Kabla wiki tatu hazijatimia, usiku wa Mei 11, wauaji waliingia kampasi ya Lubumbashi, Élisabethville ya zamani. Wanachuo waliuawa, Ubelgiji ikasitisha ushirikiano, na miaka iliyofuata serikali ilisahau kuwalipa maprofesa, wazazi wakachanga. Suti mpya ikawa ndoto.

Pengo hilo lilizibwa na marobota ya mitumba. Nguo zilizotolewa na familia za Marekani na Ulaya hushushwa Mombasa, hupanda hadi soko la Owino pale Kampala, na kutoka huko huvuka Aru, Mahagi au Ziwa Albert kuja Bunia. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuikomesha mitumba. Marekani ikatishia kuwafungia soko, na ni Rwanda pekee iliyoshikilia, ikaadhibiwa 2018. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022 bila kuwa na viwanda vingi vya nguo vya kulinda. Kwa hiyo mashati bado yanakuja, kola zenye vifungo na zote. Wajapani waliuabudu mtindo huo wa vyuo vya Marekani tangu kitabu cha picha cha 1965, *Take Ivy*, na Wamarekani wakacheka nao katika kitabu cha mzaha cha Lisa Birnbach mwaka 1980. Brooks Brothers wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Julai 2020. Mwanachuo wa Bunia hana habari za hayo, wala hana haja nazo. Analikagua shati makwapani, ananusa, anabishana bei.

Kisha analipeleka kwa fundi. Kola iliyolika, ile ile iliyokuwa fahari ya mwenye shati wa kwanza, inafumuliwa, inageuzwa upande wa ndani uje nje, inashonwa tena. Likitoka hapo linapigwa pasi ya makaa mpaka linasimama lenyewe. Nimesikia watu wa nje wakiita jambo hili kuiga. Mimi naona ni kusahihisha: shati limeletwa likiwa na uvivu wa mwenyewe, na uvivu huo unaondolewa kabla halijaingia darasani.

Bunia ya leo ina vyuo vyake. Chuo Kikuu cha Shalom kilianza 1961 kama shule ya theolojia na kikawa chuo kikuu 2007. Chuo Kikuu cha Bunia kilizaliwa kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Kuna taasisi ya ualimu na chuo cha Waanglikana. Mtoto wa Kilo hahitaji tena kupita msitu wa Mambasa, ingawa barabara fupi ya kwao imekuwa na hatari zake, na Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wengi wanafika mjini wakiwa na sare ya sekondari tu, shati jeupe na suruali ya buluu, na kwa muhula wa kwanza huvaa lile lile jeupe na suruali nyingine.

Siku ya kutetea kazi ya mwisho, TFC, ndiyo siku ya tai. Majaji wako mezani, mama ameketi nyuma na vikwembe vipya, na mtetezi lazima awe na suti. Asiye nayo huazima. Suti moja ikiwa nzuri inaweza kutetea kazi tatu kwa wiki, kila mara na mwenyewe mwingine ndani. Fundi anaifupisha suruali Jumatatu, anaishusha tena Jumatano, na kwa busara ya kazi yake hakati kitambaa cha pindo.