Pumzi ya Kwanza: Uamuzi juu ya Uhai wa Mtoto Mchanga katika Bonde la Kilombero

Mwaka 1982, katika jimbo la Indiana, Marekani, mtoto mwenye ugonjwa wa Down aliyezaliwa na koo la chakula lililoziba hakupasuliwa, kwa uamuzi wa wazazi wake, naye akafa baada ya siku chache. Mjadala wa maadili juu ya watoto wachanga mahututi mara nyingi huanzia hapo. Sisi twapenda kuanzia Lipangalala, mjini Ifakara.

Bonde la Kilombero halikukosa elimu ya tiba. Ifakara ina Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha hapo maabara iliyokua hata kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, mama aliyeshikwa na uchungu upande wa Ulanga alingoja kivuko. Hivyo mara nyingine uamuzi wa kutibu au kuacha haukuwa wa daktari wala wa mzazi. Mto ulikwisha kuamua.

Fundisho la pili latoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa, kwa mtoto asiyepumua, kila nusu dakika ya kuchelewa kumpulizia hewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Mwaka 2013 ikatolewa taarifa ya hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa kazi hiyo: vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu kwa asilimia 24. Maana yake ni nzito: baadhi ya tuliowazika kama wafu huenda walikuwa hai, wakingoja pumzi.

Tangu 2019 mpango wa NEST360, ambao Taasisi ya Ifakara ni mshirika wake, umesaidia kuleta vifaa vya kupumulia katika hospitali kadhaa nchini. Panapokuwa na kifaa kimoja na watoto wawili, swali la Indiana lafika kwetu kwa sura nyingine.

Je, mchungaji aitwaye wodini aseme nini? Kwanza, asiharakishe kusema ni mapenzi ya Mungu kabla ya kuuliza kama mtoto amepewa pumzi, joto na maziwa. Uzembe wetu tusimtwike Mungu. Pili, tiba ikiwa yarefusha mateso tu, kuiacha baada ya wauguzi na wazazi kushauriana si kuua. Mtoto abaki kifuani pa mama yake. Tatu, akifa bila ubatizo, tukumbuke kuwa mwaka 1542 Luther aliwaandikia faraja akina mama wa namna hiyo, akiwafundisha kuwa Mungu huyasikia maombi yao.

Mto umepata daraja. Sasa uamuzi umebaki mikononi mwetu, nasi tutaulizwa habari zake.