Kambi za vijana na kinga ya ukatili dhidi ya wanawake, Dar es Salaam

Kambi ni vikundi vya kijiweni, vyenye wanachama wengi wanaume vijana, vilivyoenea katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale. Wanachama huchagua viongozi wao na kusaidiana katika shida na raha.

Chimbuko. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi walikwisha kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi.

Jaribio. Ili kutafuta njia ya kupunguza ukatili huo, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, walishirikisha kambi 60. Baadhi zilipewa mikopo midogo, mafunzo ya biashara na viongozi wa afya waliotoka miongoni mwa wanachama. Matokeo hayakuonyesha tofauti ya uhakika ya ukatili kati ya kambi hizo na nyingine.

Umuhimu. Kambi zimethibitika kuwa mahali pa kuwafikia wanaume, lakini mtaji na mafunzo pekee havitoshi. Usalama wa mwanamke nyumbani unadai pia sheria, wazazi, shule na majirani wasionyamaza.