Tarehe ya Assos na Kijiji cha Behramkale

Assos ilijengwa na wahamiaji wa Kigiriki waliovuka bahari kutoka Methymna, mji wa kisiwa cha Lesbos, wakakaa juu ya kilima cha mawe katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki. Yapata mwaka 530 KK walimjengea mungu wa kike Athena hekalu kileleni, kwa jiwe gumu la volkano lililochongwa papo hapo.

Karne mbili baadaye mji ulikuwa mikononi mwa Hermias, rafiki wa wanafalsafa. Plato alipofariki mwaka 347 KK, Hermias alimkaribisha Aristotle, akakaa Assos miaka kama mitatu na kuoa Pythias, wa jamaa ya mwenyeji wake. Waajemi walimkamata Hermias, wakamuua. Mwana wa mji huo, Cleanthes, alikwenda Athens, akawa anateka maji ya bustani usiku ili mchana asome. Mwishowe akashika uongozi wa shule ya Wastoa baada ya Zeno. Wasomaji wa Matendo ya Mitume, sura ya 20, wanaujua mji huu: Paulo aliufikia kwa miguu, wenzake wakimpitia kwa merikebu.

Katika karne ya 14 Waosmani walijenga msikiti wa Murad wa Kwanza karibu na hekalu. Juu ya mlango wake kuna maandishi ya Kigiriki, kwani jiwe lenye maandishi hayo lilitoka kanisani. Ndivyo walivyofanya pia wanakijiji wa Behramkale, kijiji kilichoko kwenye kilima hicho hicho: walijenga nyumba zao kwa mawe ya mji wa kale. Kule bandarini, maghala ya mawe yalihifadhi vikombe vya mbegu za mwaloni, vilivyosafirishwa kwenda kutengeneza ngozi. Leo maghala hayo ni hoteli.

Mawe ya hekalu yenye nakshi yalisafiri mbali. Mwaka 1838 Sultani Mahmud wa Pili aliipa Ufaransa baadhi yake, nayo yako Louvre. Wamarekani walichimba kuanzia 1881 hadi 1883, na mengine yakaenda Boston na Istanbul. Yaliyobaki kilimani yamezungukwa na kijiji kinachoishi.

Anayeandika tarehe ya Assos asiishie kwa Aristotle, aliyekaa miaka michache akaondoka. Awaandike pia wakulima na wafugaji wa Behramkale, maana bila wao kilima hiki kingekuwa kimehamwa zamani.