Meno ya Taa Asiyekuwa Taa

Samaki taa hana mfupa. Yeye na papa wameshikwa na gegedu mwili mzima, na gegedu huoza upesi. Miaka milioni ikishapita, kinachobaki mwambani mara nyingi ni meno tu. Sasa mwenzangu jaribu wewe: unapewa meno ya marehemu usiyemjua, unaambiwa, haya, mtaje ukoo wake!

Miaka ya 1830 Mswisi Louis Agassiz alimpa jina Ptychodus, yaani jino la mikunjo, samaki aliyeacha meno katika miamba ya chaki ya Uingereza. Meno mapana, yana matuta juu, hayakati kitu. Ni ya kusaga. Na nani baharini husaga makombe? Taa, hasa jamii ya Myliobatis, ambao meno yao yamepangika kama vigae sakafuni. Basi mwaka 1887 Arthur Smith Woodward wa makumbusho ya London akayapanga meno yale safu kwa safu, akahukumu: huyu ni ndugu wa taa. (Ni Woodward huyu huyu aliyeutangazia ulimwengu binadamu wa Piltdown mwaka 1912, kumbe taya lile la orangutani! Yeye na meno sijui walikoseana nini.)

Karne ya 20 ikaja na wabishi wake. Wengine wakamtoa kwa taa, wakamtia kwa hybodonti, papa wa kale waliotoweka wote. Ubishi miaka nenda rudi, na mwili mzima hakuna aliyeuona.

Mwili ukaja kupatikana Vallecillo, kaskazini mashariki mwa Meksiko, katika mawe ya chokaa ya miaka milioni 93 hivi. Mwaka 2024 Romain Vullo na wenzake wakaandika: hata umbo la mapezi limejichora jiweni. Wala si taa! Ni papa wa mbio, kundi moja na papa mweupe, yule mkata nyama.

Kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo. Jino lilisema kweli, ila lilisema kazi, si ukoo. Maseremala wawili wana sugu ile ile mkononi. Nani atasema mama yao mmoja? Taa alifika kwenye meno ya kusaga kwa njia yake, papa huyu kwa yake.

Ptychodus walitoweka miaka milioni 76 hivi iliyopita, kabla ya dinosau. Taa wenye vigae bado wamo, hata katika bahari yetu hii, wanasaga makombe.