Chapo na Deni la Reli

Unakumbuka chapo ilikuwa ya Krismasi ama wageni wakija tu? Si ati mama alikuwa mchoyo. Hiyo ni historia.

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India wajenge reli, Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Shuleni tunasimuliwa simba wa Tsavo, lakini magonjwa na ajali ndizo zilimaliza wengi. Kama 6,700 walibaki, wengine wakafungua maduka kando ya reli, na chapati zikapanda bara nao. (Watu wa Pwani, najua mlifanya biashara na Wahindi karne nyingi kabla ya reli. Tulieni.)

Shida ilikuwa unga. Mahindi nyanya alijipandia, lakini ngano ilikuwa ya masetla. Lord Delamere aliipanda Njoro, ugonjwa wa kutu ukaimaliza, akapanda tena, na 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga. Kwa hivyo ugali ulitoka shambani, chapati ikatoka mfukoni: ununue unga, ununue na mafuta. Nani angeipika kila Jumanne?

Na tulipoipata hatukuionea huruma. Chapati ya kawaida ya India ni kavu. Yetu inapakwa mafuta, inaviringwa kama konokono, inasukumwa tena, inakaangwa hadi ichambuke. Huko wangeiita paratha. Sasa wewe unayesema chapo si chakula cha Mkenya, kula mbili na madondo kwanza, halafu tuongee.